Visikizi vya masikioni vikigoma: kutafuta chanzo, kudai waranti na kutengeneza nyumbani

Visikizi vya kuingiza masikioni, ambavyo dukani huitwa iafoni, huharibika kwa njia chache, na kila njia ina dalili zake. Kwa hiyo jambo la kwanza si kutafuta wembe wala kurudi dukani kwa hasira, bali ni kujua hitilafu imekaa wapi: kwenye simu, kwenye pini, kwenye waya, kwenye spika yenyewe, au kwenye betri kwa vile visivyo na waya. Nausisitiza mpangilio huu kwa sababu ya waranti. Kisikizi kilichokwisha kukatwa waya au kupasuliwa ganda ni vigumu mno kukidai mbele ya muuzaji, hata kama kasoro ilitoka nacho kiwandani, ilhali uchunguzi karibu wote unaweza kufanyika bila kufungua chochote.

Je, tatizo ni la simu?

Chomeka visikizi vyako kwenye kifaa kingine, iwe redio, kompyuta au simu ya mtu mwingine, kisha chomeka visikizi vingine vilivyo vizima kwenye simu yako. Majaribio haya mawili hayamalizi dakika tano, na mara nyingi humaliza shauri lote. Iwapo visikizi vizima navyo vinakatika kwenye simu yako, chunguza tundu lake. Tundu la milimita 3.5 la simu inayoshinda mfukoni hujaa vumbi na nyuzi za nguo, na kila pini inapoingizwa huzishindilia chini mpaka zinakuwa tabaka gumu linalozuia pini kuzama hadi mwisho. Zima simu, mulika ndani kwa tochi, kisha ondoa uchafu huo taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano haifai, kwa kuwa hupinda vibati vya ndani vinavyoshika pini, na hapo tatizo la visikizi hugeuka kuwa tatizo la simu.

Upande mmoja ukiwa kimya au hafifu kwa visikizi vyovyote vile, fungua mipangilio ya ufikivu ya simu na uangalie kitelezi kinachogawa sauti kati ya kushoto na kulia. Kitelezi hicho huweza kusogezwa kwa bahati mbaya, na mtu akakihukumu kisikizi kisicho na hatia.

Visikizi vya pini ya USB-C vina mkanganyiko wao. Vipo vyenye kigeuzi cha sauti ndani yake, yaani kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa umeme unaoendesha spika, na vipo visivyo nacho, ambavyo hutegemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa. Simu nyingi haziwezi kufanya kazi na aina hii ya pili, kwa hiyo visikizi vinavyofanya kazi vizuri kwenye simu ya dada vinaweza kukaa kimya kabisa kwenye yako bila kuwa na ubovu wowote. Muuzaji aulizwe habari hii kabla ya kulipwa.

Sauti inakatika na kurudi

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake karibu kila mara ni waya uliokatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Waya hukatika pale unapopindwa sana: sentimita chache kutoka kwenye pini, kwenye maungio ambapo waya mmoja hugawanyika kuwa mbili, na pale unapoingia kwenye kisikizi. Weka wimbo kwa sauti ya chini, kisha anza kwenye pini ukipinda waya kidogo kidogo kwa vidole viwili, ukisogea sentimita mbili au tatu kila mara. Sauti itakapokatika au kurudi, hapo ndipo palipo na jeraha. Weka alama kwa kipande cha utepe, kwa maana mahali hapo ndipo patakapoamua kama kazi ya kutengeneza inawezekana: waya uliokatika karibu na pini hutengenezeka vizuri, uliokatika katikati hutengenezeka lakini huacha kifundo, na uliokatikia ndani ya shingo ya kisikizi huhitaji kupasua ganda lililobanwa kwa gundi, kazi ambayo mara nyingi haifikii thamani ya visikizi vyenyewe.

Mwenye multimita anaweza kuthibitisha kwa uhakika zaidi. Iweke kwenye kipimo cha omu 200, gusa ncha ya pini kwa mkono mmoja wa mita na pete ya waya wa pamoja, yaani ule unaorudisha umeme kutoka spika zote mbili, kwa mkono mwingine. Hapo unapima upande wa kushoto. Kisha hamisha kutoka ncha hadi pete inayofuata ili upime wa kulia. Visikizi vingi vina ukinzani wa omu 16 au 32, na pande zote mbili zapaswa kukaribiana. Mita ikionyesha kwamba njia haipo kabisa, waya umekatika au koili ya spika imeungua. Ikionyesha karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Kisikizi kizima hutoa mkwaruzo mdogo mita inapogusa, na mkwaruzo huo nao ni ushahidi kwamba spika iko hai.

Muziki upo lakini mwimbaji hayupo

Dalili hii huwashangaza watu wengi, na wengi hudhani spika imekufa nusu. Kinanda kinasikika kwa mbali, mwangwi upo, lakini sauti ya mwimbaji na besi vimetoweka. Sababu yake ni kukosekana kwa waya wa pamoja, ule unaorudisha umeme kutoka spika zote mbili. Waya huo ukikatika, spika ya kushoto na ya kulia hujikuta zimeungwa mfululizo, na zinapokea tofauti tu iliyopo kati ya pande mbili. Kwa kawaida sauti ya mwimbaji hurekodiwa ikiwa sawa pande zote, kwa hiyo hujifuta yenyewe. Kinachobaki ni vile vilivyowekwa upande mmoja zaidi ya mwingine.

Kabla ya kulaumu waya, sukuma pini hadi mwisho, kwa sababu pini iliyoingia nusu huleta dalili ileile. Kisha bonyeza na ushikilie kitufe cha kupokelea simu kilicho kwenye waya. Sauti ikirudi kuwa kamili wakati kitufe kimeshikiliwa, chanzo si ubovu bali ni kutopatana kwa viwango. Pini yenye sehemu nne (ncha, pete mbili, na shina lililo karibu na kishikio) ina mipangilio miwili: katika ule unaoitwa CTIA, unaotumiwa na simu nyingi za leo, waya wa pamoja uko kwenye pete ya pili na maikrofoni iko kwenye shina, katika OMTP, wa simu kadhaa za zamani, viwili hivyo vimebadilishana nafasi. Kitufe huunganisha maikrofoni na waya wa pamoja, ndiyo maana kukibonyeza hurudisha sauti. Kipo kiunganishi kidogo cha kubadili mpangilio huo, nacho huondoa shida yote bila kukata waya wowote.

Sauti imefifia upande mmoja

Sauti isiyokatika, bali iliyopungua polepole kwa wiki kadhaa, hadi mtu anaongeza sauti bila kujijua, haitoki kwenye waya. Inatoka kwenye nta ya sikio. Kisikizi kina wavu mwembamba mbele ya spika, na tabaka jembamba la nta juu yake latosha kuzima nusu ya sauti. Vua kipira cha silikoni, elekeza mdomo wa kisikizi chini, na upige mswaki laini mkavu ili uchafu uanguke nje badala ya kuingia ndani. Mwelekeo huo una maana kubwa: anayesafisha huku wavu ukitazama juu anaupeleka uchafu kwenye spika. Nta iliyoganda hulainika kwa kuguswa na pamba iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti ya kusafishia, kisha kisikizi kiachwe kikauke huku bado kikitazama chini. Maji ya sabuni yanafaa kwa vipira peke yake, vikiwa vimevuliwa, na vikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Besi ikiwa ndiyo iliyopotea, bonyeza kisikizi taratibu kuelekea ndani ya sikio. Besi ikirudi papo hapo, kipira si cha ukubwa wako, au kimechanika, na tiba ni kubadilisha kipira tu. Wengi hutumia ukubwa wa katikati uliokuja umevalishwa na kuacha vingine kwenye boksi, ilhali hata sikio la kushoto na la kulia la mtu mmoja huweza kuhitaji ukubwa tofauti.

Ule mlio kama karatasi ikikunjwa, unaosikika wakati wa kuingiza kisikizi, ni utando wa spika ukisukumwa na hewa iliyobanwa sikioni. Si lazima uwe ubovu. Ingiza polepole huku ukivuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine. Lakini mkwaruzo unaofuata mdundo wa muziki, na kuongezeka kila sauti inapopandishwa, ni dalili ya utando uliochanika au unywele uliokaa juu yake, na hapo spika yenyewe imeguswa.

Visivyo na waya

Kisikizi kimoja kikigoma, anza na chaji kabla ya chochote. Vinundu vya shaba vilivyo chini ya kisikizi na ndani ya kikasha hushika jasho na mafuta ya ngozi, na kwa wanaoishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, unyevu wa hewa yenye chumvi huharakisha kutu ya kijani. Vifute kwa pamba yenye spiriti, viache vikauke, kisha rudisha visikizi na utazame kama taa ya kila kimoja inawaka. Ikiwa chaji ipo na bado upande mmoja ni kimya, futa jina la visikizi kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, virudishe kwenye hali ya kiwandani kama kijitabu chake kinavyoelekeza, kisha uviunganishe upya. Hatua hii hurudisha visikizi vingi vilivyokwisha kuitwa vibovu, kwa kuwa tatizo ni kwamba kushoto na kulia vimepoteana.

Chaji inayoisha baada ya muda mfupi ni habari nyingine. Betri hizi za lithiamu ni ndogo mno, na betri za aina hiyo huanza kudhoofika waziwazi baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500. Kwa anayechaji mara moja kila siku, hiyo ni miezi kumi hadi kumi na sita hivi. Hazikuundwa zibadilishwe nyumbani. Betri ya lithiamu ikitobolewa kwa kisu wakati ganda linapasuliwa huweza kuwaka moto, na sioni visikizi vyenye thamani ya kuhatarisha vidole na macho. Kisikizi kilichovimba au kinachopata joto kikiwa kwenye kikasha kitolewe kwenye chaji mara moja na kisivaliwe tena.

Kudai waranti

Ukishajua dalili, angalia tarehe. Waranti ya kiwanda kwa visikizi vya kampuni kubwa huwa ya mwaka mmoja kuanzia siku ya ununuzi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Apple, kwa mfano. Huhusu kasoro ya utengenezaji, nayo haihusu waya uliokatwa na mlango, kisikizi kilichofuliwa ndani ya suruali, wala kuchakaa kwa vipira. Jasho lina utata wake: alama ya IPX4 maana yake ni kuhimili maji yanayorushwa au kumwagika juu yake, wala si kuzamishwa, na kampuni nyingi hukataa madai zikikuta dalili za maji ndani.

Wakati mwingine kasoro hukubaliwa na kampuni yenyewe kwa bidhaa nzima, na hapo mteja hupata haki zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi Oktoba 2020 Apple ilitangaza kuhudumia bila malipo AirPods Pro zilizotengenezwa kabla ya mwezi huo, zilizokuwa na mikwaruzo au ambazo uzuiaji wake wa kelele ulikuwa haufanyi kazi ipasavyo. Kabla ya kulipia matengenezo, tafuta kwenye tovuti ya kampuni kama kuna mpango wa namna hiyo kwa toleo lako.

Ushahidi ndio unaoshinda madai, na ushahidi wa kwanza ni risiti. Risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) huchapwa kwenye karatasi inayoathiriwa na joto, nayo hufifia. Iliyokaa miezi minane kwenye pochi huweza kurudi nyeupe. Ipige picha siku ileile, namba ya uthibitisho ikisomeka vizuri. Tunza boksi, kwani lina namba ya utambulisho ambayo muuzaji ataitaka, na kwa kampuni kadhaa namba hiyo huweza kuhakikiwa mtandaoni. Fanya uhakiki huo katika wiki ya kwanza, maana bidhaa bandia haina waranti ya kampuni yoyote, na shauri lake hubaki kati yako na duka. Rekodi pia video fupi inayoonyesha tatizo likitokea, kwa kuwa hitilafu ya kukatika na kurudi ina tabia ya kutoonekana mbele ya kaunta.

Ujumbe wa madai uwe mfupi na wenye mambo yanayopimika. Unaweza kuandikwa hivi: “Habari za kazi. Tarehe 4 Machi nilinunua dukani kwenu visikizi vya waya, na picha ya risiti nimeiambatisha. Tangu wiki iliyopita kisikizi cha kulia kinakatika waya unapoguswa karibu na pini. Nimejaribu kwenye simu mbili na kompyuta, na tatizo ni lilelile. Havijafunguliwa wala kuingia maji. Naomba vibadilishwe au vitengenezwe chini ya waranti, na naomba jibu kwa maandishi.” Maneno ya mwisho ni ya lazima. Ahadi ya mdomo ya “njoo wiki ijayo” huweza kurudiwa mpaka mwaka wa waranti uishe.

Bango la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” lisimfunge mtu mdomo. Nchini Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa amehakikisha ubora huo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Muuzaji mwaminifu akikumbushwa haya kwa heshima, kwa kawaida hutafuta suluhu kabla shauri halijafika huko.

Visikizi vilivyotumwa na ndugu kutoka Dubai au Ulaya vina ugumu wa peke yake, kwa kuwa waranti za kampuni nyingi zimefungwa kwa eneo vilikouzwa. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, sheria humpa mnunuzi miaka miwili ya dhamana kutoka kwa muuzaji, lakini madai yanampasa aliyenunua. Mwombe ndugu atunze risiti, na vikiharibika virudi kwake.

Kutengeneza nyumbani

Waranti ikiisha, au ikiwa haikuwapo, waya uliokatika karibu na pini ni kazi ambayo mtu makini anaweza kuifanya mwenyewe. Utahitaji pini mpya ya milimita 3.5, yenye sehemu nne kama visikizi vina maikrofoni, pamoja na chuma cha kulehemia, lehemu na multimita.

Kata waya sentimita mbili au tatu kupita mahali palipojeruhiwa. Kabla ya kuunga chochote, pitisha kifuniko cha pini mpya kwenye waya, kwa kuwa ukishaunga hakiingii tena. Menya ganda la nje taratibu, kwani ndani yake nyaya ni nyembamba kama nywele, zimechanganywa na nyuzi za nailoni za kuongeza nguvu. Kwa kawaida nyekundu ni ya kulia, ya kijani au ya buluu ni ya kushoto, na yenye rangi ya shaba ni ya pamoja. Wa maikrofoni hutofautiana kati ya watengenezaji, hivyo usikisie. Pima kwa mita: kati ya waya wa pamoja na wa spika utapata omu 16 au 32 na kusikia mkwaruzo sikioni.

Hapa ndipo wengi hushindwa. Nyaya hizi zimepakwa vanishi ya rangi ambayo haipitishi umeme, na lehemu haishiki juu yake hata ikiyeyushwa mara kumi. Weka tone la lehemu kwenye ncha ya chuma chenye joto la nyuzi 350 hadi 380, zamisha ncha ya waya ndani ya tone hilo, na usubiri. Moshi kidogo utatoka, rangi itaungua, kisha utaona shaba ikigeuka kuwa na mng'ao wa fedha ghafla. Waya ukishang'aa hivyo, uko tayari. Fungua dirisha, usivute moshi huo, na unawe mikono baadaye kwa sababu lehemu nyingi zina risasi.

Unapounga kwenye pini, kushoto huenda kwenye ncha, kulia kwenye pete ya kwanza, waya wa pamoja kwenye pete ya pili na maikrofoni kwenye shina, kwa mpangilio wa CTIA. Gusa kwa sekunde mbili tatu tu, maana plastiki inayotenga pete huyeyuka na pete zikagusana. Kuichomeka pini kwenye tundu la kifaa kibovu wakati wa kazi huzishika pete mahali pake. Bana waya kwa meno ya pini ili mvuto usifike kwenye maungio, kisha funga kifuniko.

Usichomeke kwenye simu bado. Pima kwanza ncha, pete zote na shina, ukihakikisha kwamba pande mbili zinakaribiana na hakuna palipogusana. Baada ya hapo chomeka kwenye redio ya bei ndogo kwa sauti ya chini, sikiliza kushoto na kulia kwa zamu, na ujaribu kupinda waya kwenye shingo ya pini mpya kama ulivyofanya ulipokuwa ukitafuta tatizo. Sauti isipokatika, ndipo uvirudishe kwenye simu na umpigie mtu ili kujaribu maikrofoni.